Nimempata Mungu chuoni, nyumbani wanasema nimepotea

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma ualimu mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Tabora. Kwetu ni Buhigwe, mkoani Kigoma. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, akatuacha watatu: kaka yangu, mimi, na mdogo wetu ambaye sasa yuko kidato cha pili. Mama ametulea na kutusomesha kwa pombe ya ndizi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalonikaba.

Sisi ni Wakatoliki wa kuzaliwa. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata komunyo ya kwanza, na kipaimara nikakipata nikiwa sekondari. Mama ni WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na jumuiya ndogo ndogo ya kwetu mara nyingi husali uani petu. Nilipochaguliwa chuo, jumuiya hiyo hiyo ndiyo iliyonichangia nauli, godoro na ndoo mbili. Lakini kusema ukweli, misa nilikuwa nahudhuria kwa sababu kila mtu anahudhuria. Biblia sikuwahi kuifungua peke yangu.

Muhula wa kwanza chuoni ulinishinda. Usiku silali, mchana naogopa kuulizwa swali, rafiki sina. Msichana tuliyepangiwa chumba kimoja ni Msabato. Ijumaa moja jioni akaniambia twende tukafungue Sabato, ni nyimbo na maombi tu. Nikaenda, na wiki iliyofuata nikaenda tena. Baadaye nikaanza masomo ya Biblia, nikawa nauliza na mtu ananijibu kwa andiko. Tangu Novemba mwaka jana natunza Sabato. Hofu imeondoka, Shangazi. Hilo hakuna atakayeniambia nimeliota.

Likizo nilipokwenda nyumbani ndipo moto ulipowaka. Kwetu ndizi hufukiwa shimoni Jumatatu, zinatolewa zimeiva Jumamosi asubuhi, zinakamuliwa kwa majani, juisi inatiwa mtama wa kukaanga, na Jumapili watu wakitoka misani wanakuta pombe iko tayari. Kazi kubwa yote ni ya Jumamosi. Nikamwambia mama Jumamosi sitashika kazi, tena kazi ya pombe siiwezi siku yoyote kwa sababu ni dhambi. Mchana akapakua kambale, nikasema sili kwa kuwa hana magamba. Mama akaweka mwiko chini, akaniuliza: "Sare zako za shule zilinunuliwa na nini?" Kisha akauliza ni mwanaume gani aliyenitia maneno. Hakunisemesha tena mpaka naondoka.

Bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, lilipotoka nikamtumia shilingi 50,000. Aliirudisha yote, nikapungukiwa na makato tu.

Kaka yangu anafanya kazi Kibirizi, kwenye maboti. Amenipigia simu kwamba mama ana presha, na nikibatizwa akadondoka, damu yake iko juu yangu. Na huku makambi ya Wasabato ni Agosti. Mzee wa kanisa alisema walio tayari kwa ubatizo wa maji mengi wajiandikishe, nami jina nimeshaliandika. Nyumbani hawajui.

Masomo nayo yanayumba. Wiki tatu zilizopita tulikuwa na testi Jumamosi saa 4 asubuhi. Sikwenda, nikawekewa sifuri. Kozi hiyo ina testi mbili za alama 15 kila moja na kazi ya nyumbani ya alama 10. Ukipata chini ya 16 kati ya 40 hufanyi UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Mwalimu sijamweleza sababu, naona haya. Na pesa: katika 600,000 ya bumu natoa kwanza zaka 60,000 na sadaka 20,000. Mara ya mwisho, hata kabla mama hajarudisha ile yake, nilikuwa nimeshakopa, na siku za mwisho nikala uji kwa hisani ya mwenzangu.

Nibatizwe Agosti nimkosee mama, au nisubiri nimkosee Mungu?

Msichana wa Buhigwe, Tabora

* * *

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa uliyobeba, na hongera kwa usingizi uliorudi. Sitaanza kwa kukuuliza kama kilichokupata ni cha kweli. Umeingia chuo ukiwa na hofu na upweke, ukakuta watu wanaokujibu ukiuliza, ukasoma Maandiko kwa macho yako mwenyewe, na moyo ukatulia. Hilo ni lako. Kuamua kama Jumamosi ni sahihi kuliko Jumapili si kazi ya safu hii. Wapo wachungaji na mapadre wa kufanya kazi hiyo, na ningependa uwasikie wote wawili, nitaeleza kwa nini.

Swali lako umelipa njia mbili tu, na zote mbili unamkosea mtu. Hapo ndipo ninapokusihi utulie kidogo. Ndani ya swali hilo kuna imani yako, kuna uanachama wa kanisa, kuna pombe ya mama, kuna testi na kuna pesa, vyote vimefungwa kitita kimoja na kupewa tarehe ya Agosti. Tukivifungua kimoja kimoja, huenda vingine havina uhusiano na Agosti kabisa.

Turudi siku ya kambale. Kwa siku moja mama alisikia mambo matatu: kwamba Jumamosi hutafanya kazi, kwamba kazi yake ni dhambi, na kwamba chakula alichopika hakiliki. La kwanza lilikuwa la Sabato. La pili na la tatu yalimpiga yeye. Tazama alichojibu. Hakukuuliza kwa nini umeacha Jumapili. Hakutaja Papa wala Bikira Maria. Aliuliza sare zilinunuliwa na nini. Mjane anayeuza pombe kijijini huwa ameshakula masimango ya kutosha, ya wanywaji na ya wasiokunywa, na hakutegemea mengine yatoke kwa mtoto aliyesomeshwa na mtungi huo huo. Wewe unaandika kana kwamba mama amekasirikia Usabato. Inawezekana. Lakini Buhigwe Wasabato si wageni, hospitali ya Heri ni yao na watu wa dini zote hutibiwa pale. Mimi nasoma kwamba kilichomuumiza ni kuona mikono yake imeitwa michafu. Wewe ndiye unayemjua, pima mwenyewe.

Kama ni hivyo, basi kuahirisha ubatizo peke yake hakutamponya. Unaweza kungoja miaka mitatu na bado lile neno "dhambi" likabaki pale jikoni. Na ile 50,000 iliyorudi inasema jambo hilo hilo kwa njia nyingine: ulikataa kazi ya mikono yake, naye akakataa pesa yako.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kwa maoni yangu, ni safari ya nyumbani kabla ya Agosti, hata ya siku tatu. Kwa simu hili haliwezekani. Simu ya mama huenda inasikilizwa na watu wanne, na mtandao ukikatika katikati ya sentensi, sentensi hiyo ndiyo itakayokumbukwa. Ukishuka treni Kigoma, kabla ya kupanda gari la barabara ya Manyovu, nunua migebuka mikavu miwili mitatu. Ina mapezi na magamba, wewe unakula na mama anaipenda, na hakuna atakayelazimika kutoa hotuba mezani. Fika Jumanne au Jumatano. Siku hizo ndizi ziko shimoni na mama ana nafasi ya kukaa. Ukifika Ijumaa utamkuta anahangaika na maji na majani, na kesho yake ni vita ile ile.

Mkikaa, shukrani itangulie, na isiwe ya jumla. Taja: sare za kidato cha kwanza, nauli ya siku ile, usiku aliokesha na mtungi. Kama unaona inafaa kuomba radhi, omba kwa namna ulivyosema, wala hulazimiki kuomba radhi kwa unachoamini. Usifungue Biblia siku hiyo. Akikuuliza jibu, akinyamaza nyamaza naye. Kisha mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba unajifunza kwa Wasabato na jina lako limeandikwa. Sijui atajibu nini. Anaweza kulia, anaweza kukufukuza jioni hiyo ulale kwa jirani. Lakini kuna hatari kubwa kuliko hiyo: ubatizwe kimya kimya halafu asikie kwa mwanamke wa jumuiya. Siku hizi picha ya mtu akitoka majini inafika Buhigwe kabla aliyebatizwa hajabadilisha nguo.

Swali la kazi litakuja. Usimwambie aache pombe. Mdogo wako yuko kidato cha pili na daftari zake zinatoka mtungini, na wewe huna mshahara wa kuziba pengo hilo. Unachoweza kuweka mezani ni jasho la siku nyingine: kupalilia migomba, kuchanja kuni, kuvuna maharage, kufua, kuanzia Jumapili mchana hadi Ijumaa alasiri. Mpaka uupitishe wapi ni dhamiri yako. Kuna Wasabato ambao hata maji ya kukamulia ndizi hawatateka. Wengine watateka maji ya nyumba bila kuuliza yanakwenda wapi. Ukisogeza mpaka karibu na mtungi, unaweza kurudi chuoni ukijiona mnafiki. Ukiusogeza mbali sana, utakuwa mgeni nyumbani kwenu, unapikiwa na kuoshewa vyombo na mama mwenye presha. Mweleze mchungaji wako hali yote hii kama ilivyo, pamoja na ujane wa mama. Mshauri asiyejua kwamba pombe hii ndiyo ada ya mdogo wako atakupa jibu jepesi.

Kuhusu maneno ya kaka: ameogopa, na woga wake umetoka kwa sura ya laana. Huzuni kali inaweza kupandisha presha kwa muda, sikatai. Lakini madhara makubwa ya presha, kama kiharusi, huwapata zaidi wale wasiopima na wale wanaoacha dawa mara wanapojisikia vizuri. Muulize kaka: mara ya mwisho mama alipimwa lini, na kipimo kilisemaje? Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi kila anapopimwa, anahitaji dawa na kurudi kliniki, na chumvi ipunguzwe, wakiwemo dagaa na samaki wa kutiwa chumvi. Kaka asimamie dawa, wewe umpeleke kliniki siku ukiwa nyumbani. Ninyi wawili mkishika kazi moja ya mama, ile simu ya damu inaweza kupungua makali.

Sasa Agosti. Makambi ni wiki nzima ya nyimbo na mahubiri, na wito ukitolewa rafiki zako watasimama. Kusimama pamoja nao si uongo, lakini uamuzi unaofanywa katikati ya kwaya unafaa ujaribiwe pia mahali pasipo na kwaya. Wewe tayari una jaribio moja: likizo ulikuwa peke yako, bila mwenzako wa chumbani, na Sabato uliitunza. Hilo lina uzito. Jaribio jingine liko mbele, mazoezi ya kufundisha. Utapangiwa shule kwa wiki kadhaa, labda mahali ambapo kanisa lako liko kilomita nyingi na walimu wenzako wana vipindi vya ziada kila Jumamosi. Baadhi ya watu husubiri mpaka wapite hapo ndipo waingie majini. Wengine wanasema ndiyo sababu wanataka kuingia majini kwanza.

Umeandika kana kwamba Agosti ni mlango pekee. Katika utaratibu wa Wasabato, mtu hufundishwa kwanza, kisha husimama mbele ya kanisa na kukubali nadhiri za ubatizo, na washiriki humkubali kwa kura. Ubatizo hufanyika makambini, hufanyika baada ya mahubiri ya hadhara, na hufanyika Sabato nyingine kanisa likiwa na watu walio tayari. Kumuuliza mchungaji, "Naweza kuendelea darasani na kubatizwa baadaye, nikishaongea na mama?" si kukana imani. Msikilize anavyojibu. Akikupa nafasi, umejua una mchungaji. Akikuharakisha, muulize kwa nini, kwa heshima, na usiogope kimya kitakachofuata.

Kusubiri nako kuna hasara zake. Mtu anaweza kuishi miaka kwa sura mbili, Msabato Tabora na Mkatoliki Buhigwe, mpaka akachoka na zote. Na mama anaweza kuchukulia kimya chako kuwa umerudi, halafu siku ukibatizwa aone ulimdanganya. Ukisubiri, subiri akijua unasubiri nini.

Kuna mambo ambayo huenda hakuna aliyekuambia kuhusu upande unaotoka. Jina lako halitafutwa kwenye daftari la ubatizo la parokia, linabaki. Ukija kurudi miaka ya mbele, Kanisa Katoliki halitakubatiza upya. Lakini ukishajiunga kwingine, hutapokea komunyo, wala hutaweza kuwa mama wa ubatizo wa mtoto wa kaka, kwa sababu msimamizi anatakiwa awe Mkatoliki aliyepata kipaimara. Kwa kijana wa chuo hilo ni dogo. Kwa mama ni kiti chako katika ukoo. Na maziko: uliza mapema kanisa lako linaongozaje ikiwa ndugu anazikwa Jumamosi. Usingoje msiba uwakute mnabishana kaburini.

Ndiyo maana nilisema uwasikie wote wawili. Umekiri kwamba kule ulikotoka hukuwahi hata kuifungua Biblia peke yako. Unahama nyumba ambayo vyumba vyake hukuvifungua. Mwone padre, wa parokia ya nyumbani au yeyote wa hapa Tabora, mpelekee maswali yale yale uliyowauliza walimu wako wa Biblia. Huendi kushindwa wala kushinda. Ukitoka hapo bado unataka Sabato, utaweza kumwambia mama, "Nilikwenda kwa padre pia," na hilo kwa mama wa WAWATA si neno dogo.

Kitu kimoja umekiruka. Uliandika kwamba mama aliuliza ni mwanaume gani, kisha ukahamia kwenye bumu. Kama hayupo, mwambie mama hivyo bila kuona haya. Kama yupo, si aibu, watu hukutana kwaya na kuoana vizuri. Jiulize tu: akihamia chuo kingine au akichumbia mwingine, utaendelea kwenda shule ya Sabato? Kwa kuwa Wasabato huhimizwa kuoana wenyewe kwa wenyewe, ubatizo na uchumba hujifunga pamoja upesi, na ukivunjika mmoja mwingine nao huyumba.

Pesa. Posho ya chakula na malazi kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku tangu 2022, ndiyo maana siku 60 zinakupa 600,000. Zaka na sadaka 80,000, na za mama 50,000 kabla hazijarudi, ni siku 13 za chakula. Hizo ndizo siku zako za uji, huna haja ya kumtafuta mchawi. Tena hiyo si pesa uliyoipata, ni deni. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, lakini mkopo wenyewe utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi mpaka uishe. Ukitoa zaka kwenye mkopo leo, na kesho ukatoa zaka kwenye mshahara kabla ya makato, pesa ile ile umeitolea mara mbili. Miongoni mwa Wasabato wenyewe kuna wanaotoa kwenye mkopo na kuna wanaosema zaka ni ya ongezeko na deni si ongezeko. Muulize mchungaji, kisha uamue. Lolote utakaloamua, siku bumu linapoingia nunua unga, mchele na maharage ya mwezi kabla ya kitu kingine chochote.

Nimeiacha testi mwisho kwa sababu ndiyo yenye saa inayokimbia. Hesabu yako iko hivi: kwa sifuri hiyo zimebaki alama 25, testi ya pili 15 na kazi ya nyumbani 10. Ili ufike 16 unahitaji asilimia 64 ya kilichobaki. Inawezekana, lakini huna pa kuteleza, na kama testi ya pili nayo itaangukia Jumamosi, zitabaki 10 tu na kozi imekwenda. Bodi ya Mikopo nayo huangalia matokeo kabla ya kuendelea kukulipa.

Hapa haya uliyonayo ndiyo inayokugharimu, kuliko hata Sabato. Mwalimu anayeona sifuri bila maelezo anadhani ulilala. Mwone ofisini, usimvizie korido, na uwe na barua mkononi: kwa Mkuu wa Idara, kupitia kwa mwalimu wa kozi, nakala kwa ofisi inayoshughulikia mambo ya wanafunzi. Andika jina, namba ya usajili, kozi, tarehe na saa ya testi uliyokosa, sababu kwa sentensi mbili, na ombi lako. Ombi liwe la muda mwingine wa kufanya testi, lisiwe la kusamehewa testi: Ijumaa mchana, au Jumapili, au Jumamosi usiku. Sabato huisha jua likizama, na hapa Tabora jua huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni kutegemea mwezi, kwa hiyo Jumamosi kuanzia saa 2 usiku uko huru. Ambatisha barua ya mchungaji. Hujabatizwa, na barua iseme hivyo hivyo, kwamba uko darasa la ubatizo na unatunza Sabato. Ikisema wewe ni mshiriki na baadaye ikabainika si kweli, utakuwa umejichimbia. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ahadi ya mdomo ya mwalimu husahaulika siku ya kujaza matokeo.

Kwa testi iliyopita anaweza kukataa, kwa haki kabisa, kwa sababu hukuomba kabla. Omba hata hivyo, ukikiri umechelewa. Kwa testi ya pili na UE usichelewe tena. Vyuo vingi hutoa ratiba ya awali ya mitihani ili wanafunzi waseme inapogongana. Siku inapobandikwa, itazame, na kama kuna Jumamosi peleka barua siku hiyo hiyo. Mkiwa Wasabato watano kwenye mtihani mmoja, andikeni moja. Kuna utaratibu unaotumika mahali pengine ambao mnaweza kuupendekeza: wenzenu wanapofanya mtihani, ninyi mnakaa chumba kimoja na msimamizi, bila simu, mpaka jua lizame, kisha mnafanya mtihani ule ule. Unamwondolea mwalimu kazi ya kutunga mwingine, na hofu ya kuvuja.

Soma pia kanuni za mitihani za chuo chako, hasa sababu zinazokubalika za mtihani maalumu. Mtihani maalumu huhesabiwa kama wa kwanza. Wa marudio, katika vyuo vingi, hata upate 80 unaandikiwa C. Na kutofika UE bila ruhusa huhesabiwa kuwa umetoroka mtihani, jambo linaloweza kukuondoa chuoni. Katiba yetu, ibara ya 19, inakupa uhuru wa kuamini na hata wa kubadilisha dini, ila haikupangii ratiba. Wakikataa kabisa, utabaki na uchaguzi mgumu ambao Wasabato wengi wamewahi kukutana nao: kufanya mtihani huku moyo unasuta, au kuukosa na kulipa kwa mwaka. Mchungaji aseme lake, mama aseme lake, lakini anayelipa mwaka huo ni wewe, kwa hiyo usiache mtu mwingine akuamulie.

Barua ya idara iandike leo usiku na uipeleke kesho asubuhi kabla ya vipindi. Safari ya Kigoma ipange baada ya kupata jibu lake, ili mama akikuuliza masomo yanaendeleaje uwe na la kumwambia.